Sumuni Katika Pindo la Leso

Mamangu alikuwa na sumuni moja aliyoifunga kwenye pindo la leso kuukuu, na leso yenyewe ikikaa chini kabisa ya sanduku lake la nguo. Sumuni, ile nusu shilingi, siku hizi hainunui hata peremende. Ukimpa mwenye duka atakutazama kama umempa kijiwe. Hatukuruhusiwa kuigusa.

Nyumbani kwetu Likoni mtu akiugua huzungushiwa sarafu kichwani mara saba, husomewa, kisha ile sarafu hulazwa chini ya mto wake. Asubuhi akiamka, hutolewa sadaka kwa maskini, na ugonjwa uende nayo. Haitolewi kabla mgonjwa hajaamka. Ndivyo tulivyofundishwa, na sikumbuki mtu aliyeuliza kwa nini.

Sumuni ile ilizungushwa juu ya ndugu yangu mdogo, ambaye hata kutembea alikuwa hajaanza. Homa ilikuwa imemkaza. Mimi nilikuwa mtoto wa chuoni, bado nabeba msahafu wangu kifuani, nikakaa mlangoni nikimtazama mama akizungusha mkono huku midomo ikimcheza. Asubuhi niliamshwa na wanawake waliokuwa wakitandika mikeka. Mmoja wao alipoinua ule mto, sumuni ikaanguka sakafuni, ikalia. Mwengine akasema basi itolewe, maskini si wapo? Mama akaiokota, akaifunga kwenye leso.

"Mwenyewe hajaamka," alisema.

Hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Lakini tangu siku ile akawa anaisikia. Yuko jikoni anakuna nazi, mara anaacha, anageuza kichwa. "Kuna kitu kimeanguka huko ndani?" Mimi ndiye niliyekuwa nikienda kutazama, kisha natoka nasema hapana, mama. Nilipokuwa mkubwa nilichoka na mambo hayo. Nikawa nasema sarafu zifutwe zote, zinatoboa mifuko na kunukisha mikono, simu inatosha. Nilisema hata mbele yake, kwa ile sauti ya mtu anayejiona kasoma. Yeye aliendelea tu na nazi yake.

Mwaka jana ikafika zamu yake. Jioni moja akaniita, akasema polepole, "Nizungushie, mwanangu."

Nikapekua mikoba, droo, makopo ya jikoni. Hamna hata shilingi. Niliogopa sana. Mama alikuwa amebaki mifupa, na jambo lenyewe aliloniomba lilikuwa dogo mno kushindwa nalo. Nikafungua sanduku, nikaishika ile leso. Alikuwa akinitazama kutoka kitandani.

"Hiyo ina mwenyewe," akasema.

Nikakimbilia dukani.

"Sarafu sina, dada," mwenye duka akaniambia. "Watu wote walipa kwa simu. Nikutilie peremende?"

Nilitamani kumrushia kopo zima la peremende zake. Nikashuka hadi karibu na msikiti, anapokaa bibi mmoja aombaye, na bakuli lake mbele. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza. Mtaa mzima ndiye peke yake aliyekuwa na sarafu. Nikampa noti ya mia, naye akachagua sarafu moja ya shilingi kumi, akaifuta kwa mtandio wake kabla ya kunipa.

"Kesho nitakurudishia, iwe sadaka yako," nikamwambia.

"Inshallah. Nitakuja mwenyewe. Mpe pole mamako."

Nikazungusha. Nikapotea katika kuhesabu, nikaanza tena. Mama alikuwa amefumba macho na uso umetulia. Nilipoiweka chini ya mto akanambia, "Usiitoe mapema."

"Sitaitoa, mama."

Bibi alikuja kama alivyoahidi. Alinikuta mlangoni, na nyuma yangu wanawake walikuwa wakitandika mikeka. Ile kumi nilikuwa nayo mkononi. Wallahi nilitaka aichukue, aende nayo mbali, isilale tena ndani ya nyumba ile. Nikamnyoshea. Akaitazama mikeka, akanitazama mimi, kisha akaficha mikono yake ndani ya mtandio.

"Mwenyewe hajaamka, mwanangu," akasema. Akavua viatu, akaingia, akakaa na wenzake kulia.

Watu wakibishana kama kuna haja ya kuweka sarafu siku hizi, huwa sitii neno. Leso iko chini ya sanduku langu sasa, na pindoni mna sarafu mbili. Zote pamoja hazifiki hata nauli ya kwenda sokoni. Kuzitoa siwezi, na kuzitupa naogopa.

Juzi nilikuwa jikoni nakuna nazi. Nikaacha, nikageuza kichwa.

"Kuna kitu kimeanguka huko ndani?"

Binti yangu akaenda kutazama, simu mkononi. Akakawia kidogo, kisha akatoka.

"Hapana, mama," akasema.