Cherehani Isiyotajiwa Kasoro

Mtu anayetaka kuuza kitu kweli hukisifia. Fundi hakusifia. Aliniita kwake, akanionyesha cherehani yake ya miguu kwa ncha ya gongo, akataja bei ndogo hata nikaona haya kuikata nusu, na haya hiyo kwa kawaida sina.

"Ina kasoro gani?" nikauliza.

"Haina."

"Mbona bei ya chuma chakavu?"

Akagusa pale mguu wake wa kulia ulipoishia, chini kidogo ya goti. "Kasoro ninayo mimi."

Miaka ishirini na mbili alishona sare za shule na suti za harusi kwenye kibaraza cha nyumba ile ile. Watu walimjua kwa mifuko: mfuko wa suruali aliyoshona yeye hautoboki. Kazi alifundishwa na mjomba wake, aliyekuwa akimchapa rula kila alipoanza kushona kabla ya kupiga pasi. Kisha kikatoka kidonda cha kisukari kwenye kidole gumba cha mguu, akakificha ndani ya kiatu miezi miwili, mwisho ikabidi mguu ukatwe. Tangu hapo kibaraza kilikaa kimefungwa miezi mitano. Vitambaa vya wateja alivirudisha mkewe, kimoja kimoja.

Mimi nanunua na kuuza vitu vilivyotumika. Ningeweza kuibeba ile cherehani siku ile ile. Lakini nami natembea na mguu wa bandia, na biashara naijua: anayeuza kwa huzuni leo, kesho anakuja kudai kitu chake, na mkewe nyuma yake analia. Sitaki kelele dukani.

"Nalipa bei yako yote," nikamwambia. "Sharti moja. Jumamosi uje kwenye kikao chetu, wewe na shemeji. Jumatatu nakuja kuichukua."

"Kikao cha nini?"

"Cha sisi tuliokatwa. Chai ipo."

"Nije kulia na watu?"

"Anayelia chai yake inapoa."

Wakaja. Tunakutana alasiri kwenye ukumbi mdogo nyuma ya zahanati: viti vya plastiki, feni moja, na ukutani safu ya miguu ya bandia ya wale wanaopumzisha vigutu vyao. Kanuni yetu ni moja: anayemjibia mwenzake swali ataosha vikombe. Tuliitunga kwa ajili ya wake, waume na akina mama, maana ukimwuliza aliyekatwa habari zake, anayejibu ni aliyemsindikiza.

Vikao anaviendesha mpishi wa shule, mama mnene asiye na mguu wa kushoto. Akamgeukia Fundi. "Karibu, baba. Usingizi unapatikana?"

"Halali," akajibu mkewe. "Na juzijuzi kateleza kwenye sabuni..."

"Vikombe!" ukumbi mzima ukapiga kelele.

Mke akajiziba mdomo huku akicheka. Fundi hakucheka. Mpishi akamwuliza polepole, "Sabuni gani hiyo, baba?"

Fundi akalilaza gongo lake chini ya kiti.

"Hapakuwa na sabuni," akasema. "Mteja alibisha hodi. Nikainuka kumfungulia, nikainuka tu kama zamani, nikaukanyagia mguu ambao haupo. Nilisahau. Mtu anasahauje kitu kama hicho? Nikajua akili nayo imeanza kuondoka. Fundi asiyejua ana miguu mingapi atampima nani kiuno?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini bei ilikuwa ndogo vile.

Mpishi akatazama huku na huku. "Ambaye hajawahi kuanguka hivyo ainue mkono."

Hakuna aliyeinua. Mimi nimeanguka mara tatu, ya tatu mbele ya mnunuzi wa kabati, naye akapata sababu ya kuomba punguzo. "Mimi niliruka kitandani kuwahi uji usimwagike," akasema mpishi. "Uji wenyewe wa ndotoni!" Dereva mmoja mstaafu akaongeza kwamba huu ni mwaka wake wa sita, na bado huinama kujikuna vidole vilivyokwisha zikwa.

Mke wa Fundi alikuwa bado amemkodolea macho mumewe. "Yaani hapakuwa na sabuni? Na mimi nimebadilisha sabuni mara mbili!"

Fundi akacheka. Alianza taratibu, kisha akashindwa kujizuia, akafuta macho kwa kola ya shati.

Vikombe mkewe aliosha, pamoja na wake wawili wenye uzoefu na mume wa mpishi. Akarudi mikono inadondosha maji na maarifa mapya: kiti kiwekwe kando ya kitanda, mkono ukikigusa akili inakumbuka. Fundi hata hakumsikia. Alikuwa ameinamia suruali yangu, akiuliza nani kaikunja pindo namna ile, na kwa nini hatuweki zipu kwenye mshono wa ndani, kutoka pindoni hadi gotini, ili mtu avue mguu bila kuvua nguo mbele za watu. Watu wanne wakasogeza viti.

Jumatatu nikaenda na mkokoteni wa kukodi. Nikamkuta kibarazani, mguu wa kushoto juu ya kanyagio. Gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika. Akatukana, akatunga uzi upya.

"Wa kulia ndio uliokuwa unaanzisha," akasema bila kuinua kichwa. "Huu ulikuwa unafuata tu, mvivu mkubwa."

"Nimekuja na mkokoteni."

"Bei imepanda."

"Tulipatana, bwana!"

"Ulipatana na mgonjwa." Akataja bei ambayo ingenunua cherehani tatu mpya. Anayepandisha hivyo hauzi, hilo sihitaji kuambiwa. Nikamlipa mwenye mkokoteni, nikakaa, nikauliza zipu ni kiasi gani. Akaniambia. Nikaomba apunguze, akakataa.

"Simama wima," akasema, akavuta futi shingoni.