Maganda ya Karanga Yalipopata Mnunuzi wa Ng'ambo

Tanuri la mdogo wangu nimelijenga mimi. Fundi alikuwepo, sikatai, na matofali aliyapanga yeye, lakini kamba ya kupimia aliishika nani? Basi. Ni tanuri lenye mdomo mpana, limefanywa kwa kazi moja tu, kuchoma maganda ya karanga. Ukilitupia kuni linanuna: mkate unaungua ngozi, na ndani unabaki kinyunga kibichi.

Mdogo wangu huyu mtaa mzima unamwita Mama Mkate. Miaka kumi na minne anaoka katika chumba cha nyuma ya nyumba yake, yeye na wanawake wawili wa kukanda, na mikate yao inakwenda shule ya bweni na vibanda vya chai. Maganda alikuwa akiyachukua kwenye kiwanda cha kubangua karanga, pua na mdomo na kwake. Pale kiwandani yalikuwa takataka, rundo refu kuliko paa, na aliyekuja na gunia alishukuriwa kwa kupunguza uchafu.

Sasa tulieni, maana hapa ndipo penye elimu. Mimi shule niliiacha ipumzike darasa la sita, lakini redio sijaiacha hata siku moja. Kuna nchi huko ng'ambo haina karanga wala mafuta, ina baridi na mitambo ya umeme. Serikali yake ikakaa kikao ikaamua makaa ya mawe yatosha, sasa mitambo ichome mabaki ya mazao, na yaagizwe popote yalipo. Ikaandika na masharti: unyevu usizidi kumi kwa mia, mchanga usionekane. Waliokaa kikao kile hawajaliona rundo letu hata kwa picha. Lakini haukupita mwaka, rundo likazungushiwa waya na kuwekewa mlinzi. Siku hiyo mdogo wangu alikwenda na magunia manne matupu, akarudi nayo yamekunjwa kwapani.

Nikamwambia asihangaike, nitazungumza nao mimi. Nikazungumza. Mlinzi alinisikiliza vizuri sana, kisha akaniomba nisogee lori lipite.

Ikabidi ajaribu kuni. Trei kumi na sita za siku ya kwanza ziliishia kwa kuku wa jirani. Ya pili vilevile. Siku ya tatu nilimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkate umepasuliwa mkononi, anaubonyeza kwa kidole gumba na kidole kinazama. Hakulia. Huyu tangu utotoni halii, ananyamaza mpaka wewe ndiye unatamani alie. Shule ilikuwa imempa hadi mwisho wa mwezi: mkate urudi ulivyokuwa, au wao watafute mwokaji mwingine. Wale wanawake wawili walikuwa wanakanda huku wakimwibia jicho, kila mmoja akipiga hesabu ya watoto wake. Hata mimi mzaha ulinikauka mdomoni, jambo ambalo si la kila siku.

Wakati huohuo kiwandani nako mambo yalikwenda upogo. Shehena yao ya kwanza ilifika bandarini, mpimaji wa wanunuzi akachomeka kijiti cha mashine yake, akatikisa kichwa. Unyevu kumi na saba kwa mia. Yakarudishwa yote. Mnajua kwa nini? Kila asubuhi kiwanda kilikuwa kinalimwagia rundo maji ili vumbi lisiwaudhi majirani. Adabu yao ya miaka yote ndiyo iliyowaponza. Wakaanika, wakageuza, lakini mashine ya kupimia hawakuwa nayo, waliyoagiza ilikuwa bado njiani, na meli nyingine ilikuwa karibu.

Jumamosi moja mchana msimamizi wa kiwanda akasimama mlangoni kwa Mama Mkate, shati limepigwa pasi, mfuko wa maganda mkononi, mnyonge kama aliyekuja kuposa.

"Mama, wanasema wewe unayajua yaliyokauka bila mashine."

Mdogo wangu hakuinua macho kwenye unga. "Nani wanasema?"

Msimamizi akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

Mdogo wangu akapangusa mikono, akachota maganda konzi moja, akayaminya karibu na sikio. "Haya yana mafua," akasema. Akaenda kwenye debe la masalio yake ya zamani, akaminya ya humo, na sote tukasikia yakivunjika kama biskuti. Akamweleza kwamba maji ya asubuhi yanaishia juu; maganda yaliyo chini upande wa ukutani hayajawahi kulowa, na miaka kumi na minne yeye anachota hukohuko. (Ujuzi huo wa sikio nilimfundisha mimi. Yeye anakana.)

Msimamizi uso ukamchanua, akamtajia ujira wa siku ili aje awachagulie. Mdogo wangu akasema ujira hataki, anataka maganda, gunia moja kwa kila kumi atakayopitisha. Msimamizi akacheka, akasema hilo ni dogo sana, achukue bure yote yatakayoshindwa kipimo.

"Bwana, yanayokataliwa na mashine yao na mimi nayakataa. Tanuri langu nalo lina masharti yake."

Msimamizi akaeleza kwamba wanunuzi wameahidiwa mzigo kamili. Mama Mkate akamjibu kwamba basi wanunuzi waje wayasikilize wenyewe, akarudi kukanda. Yule bwana alibaki amesimama, unga unamtua begani.

"Moja kwa kumi na mbili?"

"Kumi."

"Haya, mama."

Shehena ya pili ilipita. Shule ikapata mkate wake kabla mwezi haujaisha, na wale wanawake wawili sasa wanaongea tena wakikanda, tena wanaongea mno. Lakini mdogo wangu hajajisahau. Amejenga ghala lenye paa, anaweka akiba ya miezi mitatu, kwa sababu, anasema, wale watu wa ng'ambo wakikaa kikao kingine hakuna atakayekuja kumwuliza.

Jumatatu iliyopita mkokoteni wa kiwanda ulileta magunia sita. Akazamisha mkono hadi kiwikoni katika kila moja, akatoa ya katikati, akaminya, akasikiliza. Kufika la tano akatikisa kichwa. Mwenye mkokoteni akaapa kwamba yote ni rundo moja.

"Kaka Redio," mdogo wangu akaniambia, "lirudishe."

Nikalitwika begani nikaenda. Getini alikuwepo mlinzi yuleyule. Nikamwomba asogee, mzigo upite.