Mapigo Matatu Mlangoni

Ko. Ko. Ko. Mapigo matatu kwenye bati, kisha kimya. Ndivyo Tulinagwe alivyomjulisha baba mkwe wake kwamba chakula kiko mlangoni.

Asingeweza kumwita. Pale Lufingo, mwaka huo wa 1992, wanawake wengi wa rika lake walikwisha kuiacha desturi ile ya Wanyakyusa. Waliwasalimia wakwe zao kanisani, na wengine walipanda nao basi moja kwenda Mbeya. Lakini Tulinagwe alilelewa na bibi yake, na bibi alimfundisha kwamba mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hamsemeshi, wala hataji jina lake. Basi aligonga kwa mpini wa mwiko, akaiacha sahani ya ndizi juu ya kigoda, akajibanza nyuma ya jiko hadi mlango ufunguliwe.

Lakini siku za karibuni mlango haukufunguliwa.

Ndani, mzee Ambindwile alikuwa ameketi kitandani, viganja vimebana magoti, jasho linamtiririka ingawa ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba. Mlango ule aliutengeneza mwenyewe kwa bati la pipa, aliporudi kutoka jeshi la majini baada ya miaka ishirini ya ufundi wa mitambo. Mkewe alipokuwa hai, aliusukuma tu akaingia akiongea. Tangu walipomzika mwezi wa tano, chakula kilikuja na mapigo.

Watu walimwita Mzee Manowari. Kila alipopanda mjini Tukuyu alipita mtaa wa Bagamoyo, dukani kwa Andongwisye, kutafuta magazeti na majarida ya Kichina yaliyoletwa kufungia bidhaa.

"Manowari yako iko wapi leo, mzee?" Andongwisye angeuliza.

"Bangladesh. Wameuziwa moja iliyokwisha kutumika."

"Kumbe hata Wachina wanauza mitumba."

Wateja walicheka, naye akacheka nao kidogo, huku akiikunja picha na kuitia mfukoni.

Aliijua aina moja ya manowari za Kichina kama mfugaji aujuavyo ukoo wa ng'ombe wake. Aliziona za kwanza zikijengwa, nyembamba, zenye mizinga na makombora ya kupigia meli. Zilizozaliwa baadaye zilibadilishiwa silaha, zikaongezewa mitambo ya kuona mbali. Moja ilitengewa sehemu ya nyuma iwe kiwanja cha helikopta. Mbili zilikwenda Misri. Nyingine mpya zilikuwa zinakabidhiwa Thailand. Katika kila picha, jicho lake halikukaa kwenye mizinga. Lilishuka hadi pale chuma kinapozama majini, likabaki hapo.

Mwaka 1975 alikuwa na miaka ishirini na sita, mmoja wa vijana waliopelekwa Uchina kujifunza injini. Waliwekwa katika kiwanda cha meli kando ya mto mpana wa rangi ya udongo. Huko mchomeleaji mmoja, Shen, mtu mwenye masikio makubwa na mfuko usioishiwa mbegu za alizeti, alimfundisha kazi kwa mikono, kwa kuwa maneno hawakuwa nayo. Siku moja, ndani ya tangi la mafuta la manowari waliyokuwa wakiijenga, Shen alimuuliza kwa ishara kwao kukoje. Ambindwile akachora Mlima Rungwe kwa chaki kwenye ukuta wa chuma. Shen akauongezea theluji. Ambindwile akaifuta kwa kidole. Wakacheka mpaka tangi likavuma.

Kiwandani kulikuwa na sheria. Kabla ya kufunga tangi, wa nje anagonga mara tatu, anasubiri. Aliye ndani anajibu mara tatu. Siku ya kulijaza tangi lile maji, ili ionekane kama linavuja, msimamizi mwenye mvi aligonga, akasikiliza, akasema mbele ya wote kwamba hamna mtu. Waliposogea kwenda kwenye pampu, Ambindwile alibaki akikaza nati ya mwisho. Ndipo alipoyasikia. Mapigo matatu, dhaifu, kama ya mtu anayezinduka usingizini.

Kwao, kijana hakanushi neno la mzee mbele za watu. Humsubiri, akamvuta kando, akamwambia kwa upole. Ambindwile alimsubiri msimamizi awe peke yake. Alipomfikia, maji yalikuwa yanaingia kwa kishindo, na mzee yule, asiyejua Kiswahili, alimpigapiga begani akidhani anapongezwa.

Shen hakuonekana tena. Mtu mmoja alionyesha kwa mkono kwamba amehamishiwa mbali. Huenda ni kweli. Meli yenyewe ilikuwa haijapewa jina wala namba. Ikashushwa mtoni, ikaenda.

Jumamosi jioni mwanawe, Ezron, aliingia bila kuketi.

"Tata, mke wangu anafunga mizigo."

Mzee akasogea kumpisha kitandani.

"Anasema baba mkwe akikiacha chakula cha mke wa mwanawe mara tisa, amemwita mchawi. Kaka zake wanakuja kumchukua kesho baada ya ibada. Kama una neno juu yake, niambie mimi. Kama huna, kwa nini huli?"

Mzee akafungua kasha, akatoa zile picha, akazitandaza kitandani moja moja. Kisha akaeleza yote, kuanzia mbegu za alizeti hadi maji. Alieleza polepole, na kuta za udongo zile hazikuwa nene. Nyuma ya jiko, sufuria ilikoma kugongana na sufuria.

Ezron alizikusanya picha moja moja.

"Nimwambie asigonge?"

"Atanijulishaje, kama si kwa kugonga? Mwambie agonge."

"Halafu?"

"Siku ile nilimngoja yule msimamizi awe peke yake, na mpaka leo bado nangoja, mwanangu. Mwambie agonge."

Asubuhi ya Jumapili kengele ya kanisa ililia mara ya kwanza. Mabunda mawili ya Tulinagwe yalikuwa uani, yamefungwa kwa khanga. Alipika ndizi, akazibeba, akainamisha uso, akasimama mbele ya bati.

Ko. Ko. Ko.

Mzee Ambindwile aliinuka. Miguu ilikuwa mizito kana kwamba anatembea ndani ya maji. Hata yeye desturi ilimkataza kumsemesha mke wa mwanawe, na alilijua hilo kama alivyolijua jina la baba yake. Akaweka kiganja kwenye bati, mahali palepale lilipokuwa bado linatetemeka. Akasogeza mdomo karibu.

"Nimesikia," alisema, kwa sauti ya chini mno. "Nafungua."