Jino la Baba Masalu

Wenzangu mliokulia Litapunga enzi zile za mpira wa makaratasi na kaptula zenye viraka viwili nyuma, mtakubaliana nami kwamba tulikuwa na macho. Tulijua nyayo za mbuzi wa kila nyumba. Harufu ya mgebuka, samaki wa ziwani, akikaangwa ilitutosha kujua nani kapata mgeni kutoka Ikola, huko ufukweni. Lakini kwa kuona, hakuna aliyemfikia Kabula, binti wa shangazi yangu, mwenye miaka kumi na moja na magoti yenye vumbi siku zote.

Mwaka huo Mzee Kasunga, mrina asali, alikutwa amekufa porini chini ya mti wenye mzinga wake, kichwa kimepasuka na mzinga hauna kitu. Wengine walisema kaanguka. Mwenyekiti wa kijiji akakataa: mtu aliyepanda miti tangu ujana haanguki hivi hivi, kalishwa kitu akapata kizunguzungu. Na togwa yake ya mwisho aliinywea kwa Mama Ester, mjane aliyetoka Burundi na wanawe wanne. Ikaamriwa matanga yakiisha tu, ahame. Ester nilikuwa nakaa naye dawati moja. Alilia, nami nikalia naye, mwanaume mzima wa miaka kumi na mbili.

Msibani kwetu watoto ndio waliowanawisha watu. Unashika jagi na beseni, unapiga goti mbele ya kila mkubwa, kuanzia wazee. Kazi hiyo alipewa Kabula. Siku mbili mfululizo, mtu mmoja hakunawa: Baba Masalu, rafiki wa marehemu, aliyelia kuliko hata ndugu. Shavu lilikuwa limevimba, kajifunika blanketi mpaka kidevuni.

"Jino, mwanangu. Siwezi kula."

Watu walimhurumia sana.

Siku ya tatu Mama Ester alikuwa ameshafunga mizigo. Kabula akapiga goti mbele ya Baba Masalu, na safari hii hakungoja jibu, akamimina maji. Yule bwana akashtuka, mikono ikatoka kwenye blanketi. Ilikuwa imeumuka kama maandazi.

"Baba mdogo," Kabula akauliza kwa adabu zote, "jino gani hilo linavimbisha mpaka mikono?"

Jamani, uwanja mzima uligeuka kuitazama mikono ile! Mrina asali mmoja mzee akamshika kiganja, akakigeuza, akachomoa mwiba wa nyuki kwa kucha. "Huyu karina bila moshi," akasema. Kila mtu pale alielewa. Mwenye mzinga huwasha moshi wa kuwatuliza nyuki ndipo apande. Asiyewasha ni mwizi, anaogopa moshi usije ukaonekana. Baba Masalu akasema yote. Kasunga alimkuta anashuka mtini na asali yake, wakagombana, akampiga na mpini wa shoka.

"Sikutaka afe," alisema. "Nilitaka anyamaze."

Polisi walimchukua jioni ile ile. Mwenyekiti, na ukali wake wote, alikwenda mwenyewe kumfungulia Mama Ester mizigo. Mimi nilibaki namtazama Kabula akiosha mabeseni kama vile hakufanya kitu. Mpaka leo nikimkuta dukani kwake Majengo akipima vitenge, namwamkia shikamoo, ingawa mimi ndiye mkubwa. Anacheka. Mimi sitanii.

Vijana wa leo nawapenda, ila wangempiga Baba Masalu picha, wakaandika "pole na jino", na kesho yake wangeshamsahau. Na sisi wazazi wao tuna nafuu gani? Mwezi uliopita nilikwenda msibani mjini Mpanda. Chakula kililetwa kwenye vifungashio, kila mtu na kijiko chake. Tukala, tukaagana. Nilipofika nyumbani mke wangu, huyo huyo Ester, akaniuliza nilikaa na nani. Sikukumbuka hata uso mmoja.