Mtazamaji Mmoja wa Handeni

Emiliana Mdoe hakuwa mtu wa makuu, ila kwa hesabu za mashine alikuwa na maringo. Kwenye ofisi ya kampuni yao ya intaneti, Manundu, Korogwe, kazi yake ilikuwa kuamua video zipi zikae kwenye seva ya pale pale mjini, na zipi ziachwe Dar es Salaam, zivutwe kwa mkongo wa mtandao kila anapotokea mtu wa kuzitaka. Seva ilikuwa ndogo, na nafasi ya Handeni kwenye mkongo ilikuwa finyu. Kwa hiyo aliweka kinachopendwa, akatoa kisichotazamwa, basi. Mpira na vichekesho vilikaa. Hata Mombo, ambako abiria wa mabasi wanashika simu kuliko sahani, aliiongezea nafasi kwa kuipunguzia Handeni.

Mwezi wa tisa aliyatoa masomo ya fizikia ya kidato cha nne. Mashine ilimwonyesha mtazamaji mmoja tu, kijiji kimoja cha Handeni, kila siku saa nne asubuhi. Mtazamaji huyo, Mwalimu Jabiri, alipiga simu mara tatu kulalamika kwamba video zinaganda.

"Mwalimu, siwezi kuwanyang'anya maelfu nafasi nikampa mtu mmoja," Emiliana alimjibu mara ya tatu, tena kwa ukali.

Mwezi wa kumi na moja alitumwa Handeni kukagua laini, akapita shuleni kwa mwalimu huyo. Alichungulia mlangoni. Mbele ya runinga moja walikuwa wamebanana wanafunzi sabini na mmoja, wengine sakafuni, wengine wamesimama madirishani. Kwenye kioo kiduara kilizunguka tu. Madaftari yalikuwa wazi, na hakuna aliyekuwa akiandika.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Kwani yeye wa wapi? Si wa Dindira, alikokulia akitazama taarifa ya habari kwa jirani, sebule imejaa mpaka uani? Alijua kabisa kwamba runinga moja ni ya mtaa mzima. Alijua, akajisahau.

"Shikamoo, mwalimu. Ni Emiliana, wa Korogwe."

"Marahaba, mwanangu, karibu sana." Mzee hakuwa na kinyongo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Jamani, huyu ndiye dada wa Korogwe anayetuletea masomo. Mwalimu wa fizikia hatuna tangu mwaka juzi, tunamtegemea yeye."

Darasa zima likapiga makofi. Emiliana aliinama kwenye kompyuta aliyokuja nayo, akayarudisha masomo kwenye seva, akairudishia Handeni nafasi yake. Haikuwa kazi ya hata nusu saa. Picha ikaanza kwenda, makofi yakazidi, naye akashindwa kuyavumilia.

"Msinipigie makofi," alisema. "Ni mimi niliyeyatoa."

Msichana wa mstari wa mbele, Munira, alimtazama. "Kwa nini, dada?"

"Mashine iliniambia anayetazama ni mtu mmoja."

Munira aligeuka akawaangalia wenzake, kisha akamrudia. "Sisi tuliishia somo la tisa."

"Yapo mangapi?"

"Ishirini na mbili. Mtihani ni Jumatatu."

Munira hakusubiri jibu. Aligeukia runinga, akaandika juu ya ukurasa mtupu: Somo la kumi.