Salamanda Katika Stoo ya Vendelín

Želmíra Hudáková alimwacha mumewe kwa sababu ya baridi. Sisemi baridi ya moyo, maana Vendelín alikuwa mchangamfu. Ila katika nyumba yake nje ya mji wa Kežmarok aliwasha jiko chumba kimoja tu, na miaka kumi na tisa ya kulala na soksi ilimtosha mwanamke. Akahamia mjini, ghorofa ya nne. Huko mabomba ya joto hayapoi hata uyafunge. Nilikuwa nikishona naye karakana moja, na Januari nzima alikuja na blauzi ya mikono mifupi, makusudi, tumwone.

Kisha mteja aliyekuwa akihama nchi akamwachia salamanda wanane wa majini, viumbe wa jamii ya vyura wenye mkia kama mjusi, wa urefu wa kidole, mgongo wa buluu, tumbo rangi ya chungwa. Želmíra akawapenda kupita kiasi. Viumbe hawa wasipokaa miezi mitatu kwenye maji ya nyuzi tano hivi, hudhoofika na hawatagi. Mwaka wa kwanza aliwaweka kibarazani, maji yakaganda, wawili wakafa. Siku hiyo alishona zipu juu chini.

Novemba iliyofuata alikiri kwamba mahali pekee anapopajua pasipoganda wala kupata joto ni stoo ya mtalaka wake. Akapanda basi, ndoo mapajani. Hawakuwa wameonana miaka mitano.

Vendelín alichungulia ndoo.

"Kwa hiyo leo nyumba yangu imekuwa nzuri."

"Stoo yako. Nyumba ni ile ile."

"Si ulisema hata panya hawezi kuishi humu, mama?"

"Hawa si panya. Pokea bwana, mikono inaniganda."

Akapokea. Kila Jumamosi Želmíra alikwenda na minyoo na kipimajoto, koti havui, dakika kumi anaondoka. Kufikia Januari alikuwa akibaki kunywa supu ya kabichi, na Vendelín alikuwa akiandika nyuzi za maji asubuhi na jioni nyuma ya kalenda. Salamanda mmoja mnene alimpa jina la Padri.

Halafu ikaja wiki ya baridi kali, maji yakashuka hadi nyuzi moja. Želmíra alipofika alikuta jiko la pili linawaka, lile la karibu na stoo, ambalo yeye hakuwahi kuliona na moto.

"Miaka kumi na tisa nilikuomba jiko hilo," alimwambia. "Hawa hawajakuomba hata mara moja."

Vendelín akaongeza ukuni jikoni. "Wewe ulikuwa na soksi. Hawa hawana."

Želmíra alitusimulia karakanani kwamba alitaka kukasirika, akajikuta ameketi juu ya gunia la viazi anacheka hadi mbavu zinauma.

Machi akawarudisha mjini. Aprili jike mmoja akataga, kila yai akilikunjia ndani ya jani la majini, na aliyepigiwa simu kwanza ni Vendelín, si sisi. Tukamuuliza kama atarudiana naye. Akasema hana mpango wa kumwacha mtu yule yule mara mbili. Lakini Jumamosi bado anakwenda, ingawa stoo haina kitu. Wiki iliyopita walikuwa wakipanda vitunguu.