Pikapu Yenye Mlango wa Njano

Jumamosi nilimsindikiza dada yangu kwenye yadi ya magari hapa Tarime. Yeye hununua mahindi katika vijiji vya Natta na Kisaka, na sasa alikuwa anatafuta gari lake la kwanza. Kwa furaha alishindwa hata kusimama mahali pamoja.

Muuzaji alituonyesha gari jeupe linalong'aa. Dada akapanda, akashika usukani kwa mikono miwili, akacheka peke yake. Kisha akauliza, "Nikikutana na watekaji njiani, hili litaniokoa?"

"Mama, hili linakimbia kama swala!"

"Sasa si ndiyo maana watalitaka?"

Hakuwa anatania. Mwaka juzi alikuwa ndani ya gari la jirani yetu lilipotekwa porini, yeye na jirani wakarudi kwa miguu. Akashuka, akamtazama muuzaji usoni. "Wewe mwenyewe unaendesha gari gani?"

Muuzaji akakuna kichwa, kisha akaelekeza kidevu kwenye pikapu kuukuu ya kijani, yenye mlango mmoja wa njano. "Ile haiuzwi, Mama. Mlango ule unajulikana kuanzia Sirari mpaka Mugumu. Mtu akiichukua, ataificha wapi?"

Dada akapiga makofi. "Nataka ile ile!"

Walibishana mpaka tukaletewa chai. Mwishowe tuliondoka nayo, dada akipiga honi njia nzima, na watu wakimpungia mkono wakidhani ni muuzaji.

Ndugu msomaji, ukienda kununua gari, usianze na injini. Muulize muuzaji amekuja kazini na nini.